Majani ya yungiyungi yanakatwa kama kwa mkasi, halafu vipande "vinatembea": uzi (mjadala) wa nondo wa majini

BwawaKigamboni
Wakuu, habari za jioni. Bwawa ni la saruji, mita 3 kwa 2, kina sentimita 60, liko Kigamboni. Ndani kuna mayungiyungi ya bluu, azola kidogo (mimea midogo inayoelea) na samaki aina ya gapi. Majani ya yungiyungi yana matundu ya duara-dufu pembeni, saizi ya kucha ya kidole gumba, kingo safi kabisa. Juu ya maji vinaelea vipande vya majani na vingine vinasogea vyenyewe hata pasipo upepo. Nikigeuza jani naona kipande kingine kimeshonwa kwa chini. Konokono wapo wachache. Ni mdudu gani, na anaondolewaje bila kuua samaki?

NondoSiChuma
Kwanza kwa wanaoingia wakidhani tunajadili nondo za ujenzi: hapa ni nondo *wa* majini, si nondo *za* Buguruni. Ngeli inatosha kuwarudisha nyumbani.

Mkuu, konokono waache, hawahusiki. Konokono hukwangua na kuacha tundu lenye kingo zilizochakaa. Kingo safi, pamoja na kipande kilichoshonwa kwa nyuzi za hariri, ni kazi ya kiwavi wa nondo wa jamii ndogo ya Acentropinae, ndani ya familia ya Crambidae. Kiwavi anakata kipande, anakipachika chini ya jani, anakaa katikati kama nyama kwenye sambusa. Au anakata vipande viwili, anavishona kingo kwa kingo na kuelea navyo. Hivyo ndivyo "vinavyotembea".

Kabla ya kuuliza dawa, jua ni yupi kati ya makundi mawili yanayosumbua huku kwetu, maana namna ya kumshinda inatofautiana. Chukua kifuko kimoja, kifungue polepole kwa kibanio ndani ya bakuli jeupe lenye maji. Tazama ubavu wa kiwavi kwa kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukiivuta karibu.

Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zilizotawanyika ubavuni kama pindo la kanga, hayo ni matamvua. Huyo ni Parapoynx. Kifuko chake kimejaa maji, na yeye hutikisa mwili ili maji yapite kwenye matamvua.

Usipoona matamvua, kiwavi akiwa laini na maji yanamteleza bila kumlowesha, huyo ni wa upande wa Elophila. Anapoanza kuwa mkubwa kifuko chake hujaa hewa, si maji. Kibonyeze chini ya maji kabla ya kukifungua: viputo vikitoka, umepata jibu.

Angalizo moja. Viwavi wachanga sana wa pande zote mbili hupumua kwa ngozi, kwa hiyo usipime kwa wale wa milimita mbili. Tafuta aliyefika sentimita moja na kuendelea.

BwawaKigamboni
Nimefungua vitano. Viputo vimetoka, matamvua hakuna. Kwa hiyo Elophila?

NondoSiChuma
Kundi hilo, ndiyo. Spishi kamili huitambui kwa kiwavi. Inabidi umfuge mpaka atoke nondo halafu mtu amtazame mabawa na viungo vya uzazi kwa darubini. Kwa kazi ya bwawa, kundi linatosha.

Maana yake kwako: kukausha bwawa hakutakusaidia sana, kwa sababu huyu anaishi kwenye hewa aliyoifungia ndani ya majani. Anachohitaji ni jani linaloelea. Kwa hiyo pambana kwenye jani.

MzeeWaMimeaMaji
Niongeze hapo kwa vitendo, maana yungiyungi ni kazi ya mikono kuliko dawa.

Kila asubuhi pitisha kimia cha samaki juu ya maji, toa vipande vyote vinavyoelea, hata vile unavyodhani ni takataka. Kila kipande ama kina mwenyeji ama kinasubiri mwenyeji. Usivimwage kwenye mtaro wa mtaani. Vianike juani kwenye saruji hadi vikauke kabisa.

Kisha geuza majani moja baada ya jingine. Mayai hutagwa upande wa chini, karibu na ukingo, yakiwa yamepangana na kulala bapa. Yafute kwa sifongo laini. Jani lililotobolewa hovyo likate bua lake chini ya maji, lakini usivue zaidi ya theluthi ya majani kwa mara moja. Yungiyungi likibaki uchi, kiazi cha chini kinaishiwa nguvu na maji yanapata jua jingi, ndipo mwani unaingia. Watu wengi huua kiwavi wakapata bwawa la kijani kama supu ya mchicha.

Mpira wa maji wenye msukumo nao unasaidia: piga upande wa chini wa jani kwa pembe, viwavi wadogo wanaanguka na samaki wanawamalizia. Gapi wako ni wadogo mdomo, watakula wale waliotoka kwenye yai leo au jana, kabla hawajashona kitu. Samaki wa dhahabu wa sentimita kumi anafungua kifuko mwenyewe. Sato usimweke, atakula yungiyungi kabla ya kumfikia kiwavi.

Kazi hiyo ya majani irudie kila baada ya siku tatu nne, kwa mwezi mzima. Wengi huacha wiki ya kwanza wakiona hali imetulia. Kwenye joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku chache tu, na nondo wapya wanatoka kila usiku. Ukiacha katikati unaanza upya.

GapiTu
Na taa? Watu wengi wana taa ya mapambo juu ya bwawa.

MzeeWaMimeaMaji
Izime, au uihamishe. Nondo hawa huruka usiku na hufuata mwanga. Taa juu ya bwawa ni sawa na kumwita mkunga mlangoni. Ukitaka kuitumia kama mtego, iweke mbali na bwawa, mita kumi hivi, chini yake beseni la maji yenye matone machache ya sabuni ya maji ili nondo azame badala ya kuelea. Mtego huo unakuonyesha nondo wanaruka kwa wingi siku zipi. Hauwamalizi, kwa sababu majike mengi huwa yameshataga yanapofika kwenye taa.

MtuWaPampu
Mnazunguka sana. Lambda-sihalothrini, bomba moja jioni, kesho hakuna kiwavi. Bei ya dawa haifiki hata ya hao samaki wa dhahabu.

NondoSiChuma
Kesho hakuna kiwavi, na hakuna samaki. Lambda-sihalothrini, sipamethrini, deltamethrini, zote ni jamii ya pairethroidi, na samaki huziogopa kuliko mdudu mwenyewe. Kiasi kidogo mno kinachopeperuka kutoka kwenye bomba kinatosha kuua kwenye maji ya mita za ujazo tatu na kitu, ambayo ndiyo bwawa la mwenye uzi: 3 × 2 × 0.6 ni 3.6, yaani lita 3,600. Lebo za dawa hizo zenyewe zinakataza kuzipeleka kwenye maji. Soma lebo, na angalia kama TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) wameisajili kwa matumizi unayoyataka, si kwa mahindi halafu wewe unaipeleka bwawani.

Kuna tatizo la pili hata pasipo samaki. Mchana kiwavi yuko ndani ya sambusa yake, dawa inaishia juu ya nta ya jani. Unaowaua ni buibui, mende wa majini na viluwiluwi vya kereng'ende waliokuwa wakimla bure.

MtuWaPampu
Sawa kwa samaki nakubali. Basi ile dawa ya kibaiolojia ya mbu inayotengenezwa Kibaha? Hiyo haidhuru samaki, na ni bakteria.

NondoSiChuma
Hapo umeuliza jambo linalokosewa na wengi sana, acha nilifafanue vizuri.

Bakteria huyo anaitwa Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt, lakini ana aina nyingi, na kila aina ina sumu inayoshika utumbo wa wadudu fulani tu. Ya mbu ni aina ya israelensis: inaua viluwiluwi vya mbu na jamaa zao nzi wadogo. Kiwavi wa nondo akiila anaendelea na chakula chake. Inayoua viwavi ni aina ya kurstaki, au aizawai. Kwa hiyo usitazame jina "Bt" kwenye chupa, tazama neno linalofuata.

Na hata kurstaki ina masharti. Lazima kiwavi aile, haiui kwa kumgusa. Miale ya jua inaivunja ndani ya siku chache, kwa hiyo nyunyiza baada ya saa 11 jioni. Maji ya kuchanganyia yasiwe na magadi mengi. Ya visima vingi vya pwani ni magumu na yana chumvi, afadhali ya mvua. Changanya unachomaliza siku hiyo hiyo, usilaze mchanganyiko. Kiasi fuata lebo, kwani nguvu hutofautiana bidhaa na bidhaa. Kiwavi mkubwa hafi upesi nayo, mdogo ndiye anayeshikika. Kwa hiyo piga mara ukiona matundu madogo, rudia baada ya siku 5 hadi 7.

Kwa yungiyungi binafsi siipi alama kubwa. Jani lina nta, matone yanabiringika kama kwenye jani la mgimbi, na kiwavi anakula upande usiofikiwa na bomba. Kwa mpunga ni habari nyingine.

ShambaRuvu
Nashukuru umefika kwenye mpunga, maana huyo wa matamvua ndiye wetu. Parapoynx stagnalis. Kwenye vitabu vya zamani mtamkuta kwa jina la Nymphula depunctalis, ni mdudu yule yule.

Nondo ni mdogo, mweupe kama karatasi na madoa ya kahawia, mabawa yakifunguliwa ni kama milimita 15. Anataga chini ya majani yaliyolala juu ya maji. Mayai huanguliwa kwa siku nne hivi, kiwavi anaishi takribani wiki mbili hadi tatu, pupa siku nne hadi saba. Kwa hiyo ndani ya mwezi mnakuwa mmeona kizazi kizima.

Dalili zake tatu, na ukiziona pamoja usibishane:

Ncha za majani zimekatwa mraba, kana kwamba mtu alipita na mkasi. Hapo amechukua kipande cha kuviringisha kuwa mrija wake. Pili, majani yana michirizi myeupe kama karatasi, yenye vijistari vya kukingama kama ngazi. Hiyo ni kwa sababu anakwangua kijani kibichi na kuacha ngozi ya upande wa pili, na mishipa migumu anairuka. Tatu, mirija ya majani inaelea majarubani, urefu sentimita moja na nusu hivi, imejaa kona moja.

Hiyo ya kona moja ndiyo inawapotosha watu. Wanadhani mbolea haikufika upande ule. Ni upepo. Mirija inaelea, na huku pwani kusi likivuma, ukichanganya na upepo wa bahari wa mchana, mirija hukusanyika upande wa kaskazini-magharibi wa jaruba. Wakati wa kaskazi angalia upande wa kusini-magharibi. Kagua huko kwanza, asubuhi mapema. Usiku hupanda kwenye jani na mrija wake mgongoni, mchana anashuka.

GapiTu
Viwavijeshi hawafanyi hivyo hivyo?

ShambaRuvu
Kiwavijeshi anakula jani zima kuanzia ukingoni, anaacha mshipa wa kati. Hana mrija, na ukimtumbukiza majini anahangaika. Wapo pia wanaokunja jani likiwa bado kwenye mche, wanashona kingo mbili kuwa bomba refu. Hao hawakati kipande wala hawaelei. Ukiona mrija umetengana na mmea, ni huyu wetu.

Sasa tiba. Toa maji. Kiwavi huyu anapumua kwa matamvua, na matamvua bila maji ni uzi tu. Kausha jaruba siku mbili hadi tatu, na usihesabu tangu siku uliyofungua tundu, hesabu tangu udongo ulipoacha kung'aa. Ndani ya mrija hubaki unyevu kidogo unaomfaa kwa muda. Ukirudisha maji baada ya siku moja unakuta ameamka.

Yanayoharibika hapo ni mawili. Magugu huota haraka udongo ukipata hewa, kwa hiyo uwe tayari kwa palizi. Na kama umetoka kuweka urea, subiri, au ukaushe kabla ya kuiweka. Ukikausha na kulowesha tena naitrojeni nyingi inapotea hewani. Tena urea kupita kiasi inamnenepesha mdudu: majani laini, mapana, yanayolala majini, ndiyo anayoyatafuta nondo wa kutagia.

Jaruba lisilo sawa ni tatizo jingine. Ukitoa maji, mabonde yanabaki na vidimbwi na mirija yote inahamia huko. Kausha jaruba ulilolisawazisha, vinginevyo toboa vijifereji kutoka kila kidimbwi.

MtuWaPampu
Na ile kamba ya mafuta ya taa? Wazee wanaisifia.

ShambaRuvu
Njia hiyo inajulikana sana India: watu wawili wanashika kamba iliyoloweshwa mafuta ya taa, wanaiburuza juu ya mpunga, mirija inaanguka. Kinachofanya kazi ni kamba zaidi ya mafuta. Tumia kamba kavu ya katani, buruza asubuhi, kisha fungua maji papo hapo ili mirija iondoke. Ukiiangusha na maji yakabaki, jioni wanapanda tena. Mafuta ya taa yanaacha utando kwenye maji unaofika kwa jirani na kwenye mifereji ya samaki.

MkuliShadidi
Swali. Kilimo shadidi cha mpunga kina kulowesha na kukausha kwa zamu. Je, shamba la shadidi lina kinga?

ShambaRuvu
Nusu ndiyo, nusu hapana. Kukausha kwa zamu ndiko hasa kunakomuua, kwa hiyo ukiifuata ratiba bila kudanganya humpati kwa wingi. Lakini shadidi inapandikiza mche mchanga, wa siku 8 hadi 14, mmoja mmoja. Mche huo ukikatwa ncha una majani mawili matatu tu ya kupoteza. Mche wa siku 21 wa SARO 5 (aina ya mbegu ya mpunga) unavumilia zaidi, na unakaa muda mfupi zaidi kwenye umri anaoupenda. Kwa hiyo kwa shadidi siku kumi za kwanza weka unyevu tu, usijaze maji. Nafasi pana ya sentimita 25 kwa 25 nayo inasaidia.

Jambo la kuwatuliza wenye haraka: mashambulizi huanzia kitaluni na hukoma machipukizi yakikamilika. Mpunga uliopata hasara mapema huzibia kwa kutoa machipukizi mapya. Jaruba lililoonekana jeupe wiki ya tatu linaweza kuvuna kama mengine. Linachelewa kukomaa kidogo, basi. Kitaluni ndipo pa kuhangaika, kwani pale mche hauna cha kuzibia.

GapiTu
Kwenye matangi ya samaki, hidrila (mimea ya ndani ya maji) zinazotoka mabwawani zinabaki mashina matupu ndani ya wiki. Ni huyu huyu?

NondoSiChuma
Ndugu yake, mara nyingi Parapoynx diminutalis. Anapenda hidrila hasa. Ana matamvua, na kifuko chake ni majani mawili matatu ya hidrila aliyoyabana. Alionekana Florida mwaka 1976, na watu wakatumaini kwamba atawapunguzia hidrila, ambayo kule ni gugu baya. Anaivua majani kweli, kisha shina linachipua tena. Kwenye tangi dogo lakini halipati nafasi ya kuchipua.

Kinga: mimea mipya ikae kwenye ndoo yake siku 14, ndoo ifunikwe kipande cha chandarua ili nondo wa nje asitage. Wiki ya kwanza mayai yanaanguliwa, wiki ya pili utaona mashina yakivuliwa. Ukiona, chambua kwa mkono na ubadilishe maji. Na tangi lenyewe lifunikwe. Nondo anayetoka kwenye tangi anatagia tangi hilo hilo.

MkuliShadidi
Kama anakula gugu, tusimfuge tukamwachia kwenye magugumaji?

NondoSiChuma
Usimwachie mdudu popote kwa hiari yako, mkuu. Gugumaji lina nondo wake, Niphograpta albiguttalis wa Amerika Kusini, anayetoboa mabua na hajishughulishi na kuelea. Hao hupimwa kwanza kwenye vyumba vilivyofungwa kuona kama watahamia mimea mingine, na ruhusa hutolewa na mamlaka. Ziwa Victoria kazi kubwa ilifanywa na fukusi wa Neochetina, si nondo. Huyu wetu wa matamvua anapenda mpunga, kwa hiyo ukimfuga unamfugia jirani.

Jambo dogo la pembeni, kwa wanaopenda maajabu: Ulaya kuna Acentria ephemerella ambaye majike yake mengi hayana mabawa ya kurukia. Yanaogelea chini ya maji kwa miguu maisha yao yote, na yanapanda juu tu kupandana.

BwawaKigamboni
Nimeanza na kimia na sifongo, taa imezimwa. Swali la mwisho ni la ndugu yangu mwenye jaruba: akitoa maji, si anampelekea jirani mirija yote?

ShambaRuvu
Anampelekea, ndiyo. Weka kizuizi kwenye tundu la kutolea. Chandarua peke yake kinaziba kwa majani ndani ya dakika kumi, maji yanapasua tuta. Senyenge ya kuku nayo ina matundu makubwa, mrija unapita kwa kulala. Weka viwili: mbele chekeche la mchanga la mafundi ujenzi lishike takataka, nyuma yake, umbali wa hatua moja, chandarua kilichokunjwa mara mbili na kufungwa kwenye fremu ya fito. Mtu mmoja asimame hapo na tenga, atoe mirija kila inapojaa, aianike juu ya tuta mbali na maji. Afungue tundu asubuhi, ili viwavi wasipande kwenye mpunga wakati maji yanashuka, maana walioko juu ya jani ndio wanaobaki.